Brashi Imo Mkononi mwa Nani?



Nimeombwa niseme machache juu ya picha za watu zinazochorwa kwa rangi ya mafuta, kwa kuwa Chama chetu kinakusudia kutundika picha za namna hiyo ukumbini.

Kwanza, kazi yenyewe. Rangi husagwa ikachanganywa na mafuta ya mbegu za kitani. Mafuta hayo hayakauki upesi; kwa hiyo mchoraji hupata nafasi ya kulainisha mpaka wa mwanga na kivuli shavuni. Matabaka ya chini huwa na mafuta kidogo, ya juu mengi zaidi. Ukigeuza utaratibu huo, la juu hutangulia kukauka, na picha hupasuka.

Pili, maana yake katika jamii. Huko Ulaya, kwa karne nyingi, waliochorwa hivyo walikuwa hasa wafalme, mapapa na matajiri. Mwenye fedha ndiye aliyeonekana. Lakini mwaka 1650, mjini Roma, Diego Velázquez wa Hispania alimchora Juan de Pareja, mtumwa wake aliyemsaidia kazini. Rangi ni chache, ila mwanga umeangukia paji la uso, na macho yanatutazama bila kuinama. Picha ilionyeshwa hadharani mwezi Machi, ikasifiwa. Hati ya kumwacha huru ilitiwa sahihi Novemba tu, tena kwa sharti la kutumika miaka 4 zaidi.

Hapo ndipo penye somo. Mtu aweza kupewa heshima ukutani huku angali mali ya mwenziwe. Baadaye Pareja alishika brashi mwenyewe. Katika picha yake ya mwaka 1661 ya kuitwa kwa Mtakatifu Mathayo, iliyoko Prado, Madrid, alijichora pembeni, ameshika karatasi yenye jina lake.

Ndugu zangu, orodha ya Chama ina wakuu wa shule peke yao. Napendekeza tuwaongeze wapishi waliotuamkia alfajiri na mzee wa kengele. Lakini tusiishie kwenye turubai: tuulize pia kama kila mmoja wao alipata kiinua mgongo chake kamili.

Nanyi vijana, jifunzeni kuchora. Asiyeshika brashi huchorwa apendavyo mwingine.