Mwendelezo wa hadithi uwasikilize watoto

Mwingereza Richard Adams alitoa Watership Down mwaka 1972, riwaya ya sungura iliyoanza kama hadithi ya mdomo kwa binti zake wawili wakiwa safarini garini. Mwendelezo ulikuja mwaka 1996, ukiwa mkusanyiko wa hadithi fupi, na baadhi ya wasomaji wakaona haukifikii kitabu cha kwanza.

Funzo, kwamba hadithi ianze na iendelee kwa kuwasikiliza watoto, linatuhusu hapa Matinyani, Kitui. Ukambani, sungura na fisi ni wenyeji wa tangu jadi. John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, alizikusanya ngano zetu na kuzichapisha kwa Kiingereza mwaka 1966 katika Akamba Stories. Sasa wanyama hao wanastahili visa vipya, kitabu baada ya kitabu, kwa Kikamba na kwa Kiswahili.

Ila muswada usomwe kwanza darasani. Mtoto akiuliza fisi amepotelea wapi, mwandishi ajibu. Darasa likianza kupiga miayo, sura hiyo iandikwe upya. Wachapishaji, walimu na wazazi, tuyaheshimu maoni ya watoto: hadithi hizi ni zao.