Soketi Isiyo na Ardhi



Askari hawi mlinzi kwa sare peke yake. Aliyesimama langoni mikono mitupu huwapa waliolala ndani imani ya bure, na imani hiyo ni hatari kuliko lango lililo wazi, kwa kuwa pasipo na mlinzi watu hulala macho. Ndivyo zilivyo soketi nyingi katika nyumba za zamani.

Gihosha, kaskazini ya Mto Ntahangwa mjini Bujumbura, ni mtaa wenye nyumba za kila umri. Nyumba iliyotiwa umeme zamani huweza kuwa na nyaya mbili tu ukutani: mmoja huleta umeme, wa pili huurudisha. Baadaye mwenyewe hununua soketi mpya, ile yenye kijiti cha chuma kinachochomoza katikati. Kijiti hicho kazi yake ni kupokea waya wa tatu, waya wa ardhi. Lakini nyuma yake hakuna waya wowote. Sare imevaliwa, mlinzi hayupo.

Madhara yake ni nini? Waya ukichubuka ndani ya jokofu au pasi, bati la nje hushika umeme wa volti 230. Kama waya wa ardhi upo, umeme hupata njia ya kuteremkia udongoni. Kama haupo, chombo hubaki kimya kikimngoja mtu. Mama au mtoto akikigusa, naye amesimama peku kwenye saruji yenye maji, mwili wake ndio unaogeuka njia.

Wapo wanaotafuta njia ya mkato. Wa kwanza huunganisha kijiti cha soketi na waya wa kurudisha umeme. Siku waya huo utakapokatika, bati la kila chombo kilichowashwa katika soketi ya namna hiyo litajaa umeme. Wa pili hufunga waya kwenye bomba la maji. Kipande kimoja cha bomba kikibadilishwa kwa plastiki, njia imekatika, na hatari yaweza kuhamia kwenye mfereji anaochotea maji mtu asiye na habari.

Hata nondo ya shaba iliyopigwa ardhini haitoshi peke yake. Ikiwa udongo una ukinzani wa omu 20, umeme wa volti 230 utapitisha ampea 11 na nusu tu. Fyuzi ya ampea 16 haitakatika. Na kuanzia Juni hadi Agosti, udongo unapokauka, ukinzani huongezeka. Kwa hiyo hapana budi nondo ifuatane na swichi ya kukata umeme unaovuja, ya miliampea 30, ambayo hukata kabla ya nusu sekunde kupita. Mwenye nyumba asiyeweza kubadili nyaya zote mara moja na aanze na swichi hiyo, kwani hufanya kazi hata penye nyaya mbili, ingawa hapo mtu huweza kushtuliwa kabla haijakata. Kisha apeleke waya wa ardhi jikoni, bafuni na mahali pa kupigia pasi, na fundi apime kazi yake kwa chombo, si kwa macho.

Jambo hili lawahusu askari kwa namna mbili. Kwanza, askari naye ni baba wa nyumba. Huenda zamu ya usiku au kazi ya mbali, na jamaa yake hubaki na soketi zile zile. Pili, ajali ikitokea, mara nyingi polisi ndiye anayeitwa. Afikapo, asimguse aliyenaswa. Akate kwanza swichi kuu. Asipoifikia, asimame juu ya kitu kikavu, amsukume kwa mti mkavu. Kama majeruhi hapumui, amkandamize kifua bila kuchoka huku gari likitafutwa. Anayekimbilia kumshika kwa mikono huongeza maiti wa pili.

Hakuna kamanda anayengoja shambulio ndipo akague malindo. Nyumba nayo yataka ukaguzi: soketi zifunguliwe na fundi anayeijua kazi, swichi kuu ikiwa imezimwa, ionekane kama waya wa tatu upo. Jibu la ukutani lipatikane leo, kabla halijatolewa na mwili wa mtoto.