Mashine ya Zamani, Boti Yetu: Jinsi ya Kuifunga Ifanye Kazi
Mazungumzo ya fundi mwanachama kwenye mkutano mkuu wa mwaka



Nimeombwa nizungumzie boti ya chama na mashine yake ya zamani ya nguvu za farasi 15. Najua kuna swali ukumbini: tuitengeneze hii, au tuchangishane tununue kubwa ya farasi 40? Na ndugu wa milimani wana swali lao: sisi tunalima kahawa, boti inatuhusu nini? Naanza na hilo la pili. Usipa tunaokula na ugali kule juu unatoka ziwani. Mahindi na maharage yetu yanashuka ziwani. Mabinti zetu wameolewa Lituhi, Liuli na Mbamba Bay. Barabara ya lami ya kilometa 67 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay imetusogeza sana, lakini vipo vijiji vya mwambao ambako, mvua zikishika, njia ya uhakika ya kumfikisha mama mjamzito hospitali ni maji. Boti hiyo ni ya dada zetu.

Wazee wa Liuli wanaijua hadithi ya Agosti 1914. Meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilikutwa na meli ya Waingereza, Guendolen, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Ikaharibiwa palepale bila kujitetea. Chombo kikikaa nchi kavu siku ya haja, ni sawa na kutokuwa nacho. Kwa hiyo naomba tusiiache yetu mchangani tukisubiri mashine kubwa.

Kwanza, ni nini cha kukagua kabla ya kuifunga. Mashine nyingi za mkononi zinazofika kwetu zimetumika pwani, na maji ya bahari huacha chumvi ndani ya njia za kupoozea injini. Itumbukizwe kwenye pipa la maji safi mpaka maji yafunike mahali pa kunyonyea, kisha iungurumishwe taratibu. Isiwashwe kavu hata kidogo, maana impela ya pampu ya maji ni ya mpira na huungua haraka. Ikiwaka, tazameni kitundu cha nyuma: maji yatoke kwa nguvu na bila kukatika. Yakitoka kwa kudondoka, zimeni, fungueni pampu, wekeni impela mpya na safisheni njia.

Chini, kwenye gia, fungueni skurubu mtazame oili. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia na sili zibadilishwe. Oili mpya hujazwa kwa tundu la chini mpaka itokee tundu la juu, ili hewa isibaki ndani. Mwisho pimeni mgandamizo wa silinda zote mbili. Zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10, injini ifunguliwe kabla hatujatumia shilingi nyingine juu yake.

Pili, kuifunga. Hapa ndipo mashine nyingi nzuri huharibiwa. Zipo za mguu mfupi, inchi 15, na za mguu mrefu, inchi 20. Pimeni ubao wa nyuma wa boti katikati, kutoka juu yake hadi chini ya mkuku. Ukiwa inchi 15, panataka mguu mfupi. Ukiwa 20, mguu mrefu. Juu ya propela kuna bamba bapa. Bamba hilo likae usawa wa chini ya mkuku, au lishuke chini yake kwa inchi 1 hivi. Likiwa juu sana, propela hunyonya hewa, injini hulia kwa kasi na boti haiendi, na pampu nayo hukosa maji. Likiwa chini sana, mguu huburuta maji na petroli huisha bure.

Ubao wenyewe uwe wa mti mgumu, mnene, usiooza. Skurubu mbili za kukaza hazitoshi, kwa sababu mtikisiko huzilegeza. Pigeni bolti za kupenya zenye washa pana, halafu fungeni mnyororo wa usalama kutoka kwenye mashine hadi kwenye mbavu ya boti. Ziwa letu lina kina kirefu mahali pengi, na mashine ikidondoka huko haipatikani tena.

Kisha pini ya mlalo. Boti ikiwa imepakia na inakwenda, lile bamba liwe sambamba na maji. Omo ikinyanyuka sana, ingizeni pini tundu moja kuelekea boti. Omo ikichimba maji, itoeni tundu moja nje. Jaribuni mkiwa na mzigo wa kawaida, msijaribu boti tupu.

Tatu, propela. Ziwa Nyasa liko karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kidogo, na injini hupoteza karibu asilimia 5 ya nguvu iliyokuwa nayo pwani. Kwa hiyo propela iliyofaa Dar es Salaam inaweza kuwa nzito kwetu. Mashine za ukubwa huu kwa kawaida hutakiwa kufika mizunguko 4,500 hadi 5,500 kwa dakika mafuta yakiwa wazi kabisa. Ikishindwa kufika na boti ina mzigo wake, wekeni propela yenye mkunjo mdogo zaidi.

Nne, mafuta. Kwa mashine nyingi za aina hii ni oili 1 kwa petroli 50, yaani mililita 200 kwa lita 10, ila someni kwanza maandishi ya mashine yenyewe. Oili iwe ya mashine za boti, msitumie ya pikipiki. Chujeni petroli, na fungueni kitundu cha hewa cha tangi kabla ya kuondoka.

Sasa nirudi kwenye farasi 40. Boti yetu ni ya mbao, ndefu na nzito, na umbo lake lina mwendo wake. Ukiongeza nguvu kupita hapo, tezi huzama na omo hunyanyuka, lakini kasi haiongezeki kwa kiasi cha maana. Mashine hiyo ina uzito wa karibu mara mbili ya hii, ubao wetu haukutengenezwa kwa ajili yake, na mafuta itakunywa zaidi ya mara mbili. Tutainunua kwa harambee moja, halafu tutashindwa kuilisha.

Fedha hiyo naomba iende kwenye usalama. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Ziwa Victoria kikiwa kimejaza watu kupita uwezo wake, na zaidi ya watu 200 walikufa. Nasi tuchore mstari wa rangi ubavuni: maji yakifika hapo, hapandi mtu mwingine, hata akiwa diwani au shemeji wa mwenyekiti. Na upepo wa mwera wa kati ya Mei na Agosti usipewe changamoto. Nahodha akisema leo hatutoki, hakuna wa kumlazimisha.

Ninachoomba kwenu ni hiki: impela mbili, seti mbili za plagi, propela ya akiba, sili za gia, bolti na mnyororo, kamba ya kuzimia injini inayofungwa mkononi mwa nahodha, makasia mawili, na jaketi la kuokolea kwa kila nafasi ya kukaa, yakiwemo ya watoto. Familia moja ikibeba jaketi moja, tumemaliza jambo kubwa. Na tuchague vijana wawili wa mwambao wafundishwe matengenezo haya kwa vitendo, maana fundi anayekaa Dar es Salaam hawezi kumsaidia mama aliyeshikwa na uchungu usiku Lituhi.

Ndugu zangu, mashine ya zamani iliyofungwa vizuri hufika. Tuifunge vizuri.