Vyoo Visivyohitaji Maji Katika Mji Mkame

Uamuzi wa mwaka 1973 wa kuifanya Dodoma makao makuu, ambao utekelezaji wake uliongezwa kasi mwaka 2016, umeleta wakazi haraka kuliko mabomba ya majitaka, na katika makazi yaliyoota bila mpango, kama Chang'ombe, kaya nyingi hutegemea vyoo vya shimo. Tena mabomba hayo husukuma uchafu kwa maji, ilhali mji huu wa nyanda kame hutegemea zaidi visima vya Makutupora.

Hivyo vyoo vya vyombo, yaani vyoo vikavu ambavyo kinyesi huingia katika chombo chenye mfuniko, kinachochukuliwa kwa ratiba na kuachiwa kingine kisafi, vinastahili kupimwa kwa dhati. Mukuru, jijini Nairobi, huduma ya Fresh Life iliyoanza mwaka 2011 hutenganisha mkojo na kinyesi, na kinyesi husindikwa kuwa mbolea, au hulisha mabuu ya inzi ambayo nayo huwa chakula cha mifugo.

Kikwazo ni gharama ya ukusanyaji, ambayo ada ya kaya maskini haiwezi kuibeba peke yake. Lakini mabomba ya mitaa yenye uwezo nayo hujengwa kwa fedha za umma. Halmashauri ya Jiji na DUWASA, mamlaka ya majisafi ya Dodoma, ziitengee huduma hii fungu katika bajeti.