Kukwaruza Rangi: Mchezo Unaoandaa Mkono wa Kuandika



Tangu Katiba ya 2010, elimu ya chekechea ni jukumu la serikali za kaunti. Wazazi wengi huuliza, "Mbona mtoto wangu anachora tu, haandiki?" Jibu ni hili: mkono usiozoea kijiti utahangaika na penseli.

Chukueni kipande cha katoni kilicho laini. Mtoto akipake krayoni za rangi nyingi, akikandamiza hadi pasibaki nafasi. Mwalimu achanganye rangi nyeusi ya maji na matone machache ya sabuni ya maji, apake juu, kisha aanike hadi ikauke kabisa. Bila sabuni, rangi haishiki vizuri kwenye nta. Sasa mtoto akwaruze kwa njiti ya ufagio iliyokatwa butu. Msimpe msumari wala wembe. Rangi zilizofichika zitajitokeza.

Msimwamulie la kuchora. Mwulizeni amechora nini, naye atawasimulia. Hapo mkono umejiandaa kuandika, na ulimi kuzungumza.

Katoni za nyumbani msizichome, zileteni shuleni.