Nyumba Ndogo Ianzie Jikoni

Mada kwa mafundi ujenzi na watendaji wa kata, Tinde, Shinyanga



Mtu akiamua kujenga hapa Tinde, cha kwanza anachomwambia fundi ni idadi ya vyumba. "Viwili na sebule." Jiko halitajwi. Litapatikana baadaye: banda la mabati nyuma ya nyumba, au kwenye korido, au, mvua ikikaza, chumbani kwenyewe na jiko la mkaa na mlango umefungwa, jambo ambalo limekwisha kuua watu. Ninapendekeza tugeuze utaratibu huo. Nyumba ndogo ichorwe kuanzia jikoni, na namna ya kuichora tujifunze kwa wapishi, kwa kuwa ndio waliozoea kufanya kazi nyingi mahali padogo.

Wazo lenyewe lina umri. Mwaka 1926 Margarete Schütte-Lihotzky, mbunifu majengo kutoka Austria, alichora jiko la nyumba za gharama nafuu mjini Frankfurt, Ujerumani. Lilikuwa na upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4. Mfano wake aliupata kwenye jiko la behewa la chakula la treni, ambamo wapishi wachache hulisha abiria wengi bila kugongana. Majiko ya namna hiyo yapatayo 10,000 yalijengwa, na makabati ya ukutani tunayoyaona leo kwenye nyumba za Dar es Salaam ni wajukuu zake.

Behewa letu la chakula liko hapo njia panda. Barabara inayotoka Nzega inagawanyika Tinde: mkono mmoja unakwenda Shinyanga na Mwanza, mwingine Isaka, Kahama hadi Rusumo. Malori yanasimama, madereva wanakula. Mtazameni mama lishe mmoja saa sita mchana. Ameketi kwenye kigoda na hainuki ovyo. Kushoto kwake kuna ndoo ya maji yenye kifuniko. Mbele majiko mawili, moja la ugali, moja la mchuzi. Mchele uliokwisha kuchambuliwa uko nyuma, kivulini. Sahani chafu zinarudi upande mmoja tu, na chakula kinatoka upande mwingine, penye wateja. Kutoka kwenye maji hadi kwenye moto ni urefu wa mkono. Ukimhamishia ndoo upande wa pili, kazi nzima inavurugika. Hata utingo wa lori la masafa marefu, anayepika pembeni ya tela kwa jiko dogo na sufuria mbili, anafuata mpangilio huohuo.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza tunayoichukua kwa wapishi ni mfuatano: kibichi kinaingia, kinaoshwa, kinakatwa, kinapikwa, kinapakuliwa. Njia hiyo isijikate yenyewe. Fundi anayeweka mlango katikati ya maji na moto amempa mama wa nyumba ajali ya kudumu, hasa akiwa na mtoto mgongoni.

Ya pili ni kimo, na hapa ndipo ramani za kupakua mtandaoni zinapotuangusha. Ramani hizo zina meza ya jikoni yenye kimo cha sentimita 85 au 90. Kimo hicho kinafaa kukatia kitunguu. Kusonga ugali wa watu wanane, tena wa mtama au wa udaga ulio mzito, ni kazi nyingine kabisa: nguvu inatoka begani na kushuka kwenye mwiko, na sufuria lazima ishikwe isizunguke. Juu ya meza ya sentimita 90 msongaji anainua viwiko hadi kifuani, na hapo nguvu imekwisha. Ndiyo maana nyumba nyingi zenye "jiko la ndani" la kupendeza zina mafiga matatu nyuma ya ukuta, na wageni hawaonyeshwi. Tujenge vimo viwili: meza ya kusimama, na kando yake jukwaa la tofali la sentimita 40 hivi kwa sufuria kubwa. Gharama yake ni matofali machache.

Ya tatu ni akiba. Katika msonge wa Kisukuma nafaka ilikaa darini, juu ya moto, na moshi ukawafukuza fukusi. Tulipohamia kwenye nyumba za bati tuliacha dari ile bila kuleta badala yake. Matokeo yake magunia ya mpunga yanalala sebuleni, na michembe inaning'inia juu ya kitanda. Nyumba ya mkulima bila ghala haijakamilika, hata ikiwa na vigae. Ghala dogo, kavu, lenye chaga ya kuinua magunia kutoka sakafuni na matundu ya hewa yenye wavu wa kuzuia panya, linatosha.

Sasa mchoro wenyewe. Nitatumia futi, kwa kuwa ndiyo lugha ya saiti. Nyumba ina futi 20 kwa 16, yaani karibu mita za mraba 30. Mbele kuna sebule na chumba cha kulala, kila kimoja futi 10 kwa 10. Nyuma kunabaki ukanda wa futi 6: futi 12 ni jiko, 4 ni ghala, 4 ni bafu lenye mlango wa uani. Jiko lina ukuta nusu upande wa uani, juu yake wazi, ili moshi utoke na mpishi amwone mtoto anayecheza nje. Kichanja cha vyombo kinaegemea ukuta huo, juani.

Jiko likae magharibi ya nyumba, maana upepo wa kiangazi hapa hutoka zaidi mashariki, na moshi utapeperushwa mbali na vyumba. Kuna atakayesema jua la saa tisa litamchoma mpishi. Ni kweli. Lakini kati ya jua na moshi nachagua jua, kwa sababu jua linazibwa na mwarobaini mmoja. Moshi wa majumbani, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, ulihusishwa na vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020.

Maji pia yapangwe kabla ya msingi. Paa la mita za mraba 40 likipata milimita 700 za mvua kwa mwaka hupokea lita 28,000. Ukitoa zinazopotea, tangi lililowekwa kwenye kona ya jiko litakuwa limekusanya lita 20,000 na zaidi kwa msimu, hata kama bomba la maji ya Ziwa Victoria limekwisha kufika.

Kuhusu gesi nitasema kidogo. Serikali imeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Tuache basi mahali pa mtungi, nje ya ukuta, penye hewa, hata kama mwenye nyumba leo anapikia kuni.

Vijana wetu wanaotoka machimbo ya Geita na Kahama wanarudi na fedha na mfano wa kibanda cha kulalia tu, kwa kuwa kule chakula hununuliwa kwa mama lishe. Mfano huo unafaa mahali ambapo mtu anasubiri kuhama. Kwa familia haufai.

Ombi langu kwa halmashauri ni moja: kati ya ramani mnazoziidhinisha, iwemo moja ya mita za mraba 30 yenye jiko la vimo viwili na ghala. Na kwa mafundi: kabla hamjafunga kamba ya msingi, mwiteni anayepika katika nyumba hiyo, asimame kwenye kiwanja, awaonyeshe kwa mkono maji yakae wapi na moto ukae wapi. Hapo ndipo mpige kigingi cha kwanza.