Mtoto Anapokwenda kwa Daktari wa Meno Mara ya Kwanza

Jino la kwanza la mtoto huchomoza akiwa na miezi 6 hivi, na kabla hajatimiza mwaka mmoja yafaa awe ameshaonwa na daktari wa meno. Ilagala, mkoani Kigoma, kama kwingineko vijijini, wengi hupelekwa jino likishawanyima usingizi. Siku hiyo shavu limevimba, mtoto hataki kuguswa, na kinachomngoja ni sindano na koleo. Hofu anayotoka nayo hapo hukua naye.

Husemwa kwamba meno ya utoto yatang'oka tu. Ni kweli, lakini magego ya utoto hukaa mpaka miaka 10 hadi 12. Hayo ndiyo yanayotafuna ugali wa muhogo na migebuka miaka yote hiyo, na ndiyo yanayoyashikia nafasi meno ya ukubwani. Yakitoka mapema, ya jirani huegemea pengo, na mapya huota yamebanana.

Matayarisho huanzia kwenye mswaki wa kila usiku, wenye dawa ya floraidi kiasi cha punje ya mchele tu kwa aliye chini ya miaka 3. Mtoto aliyezoea kufunuliwa mdomo nyumbani hashtuki mgeni akimfunua. Siku mbili tatu kabla ya safari, mchezo wa mkekani hutosha. Mtoto hulaza kichwa mapajani mwa mama. Mama huchukua kijiko cha chai na kugusa jino mojamoja kwa mgongo wa kijiko, akihesabu kwa sauti. Kisha ni zamu ya mtoto kuhesabu ya mama. Daktari naye atafanya vivyo hivyo, ila kwa kioo kidogo chenye mpini.

Maneno ya wakubwa ndiyo yanayoharibu zaidi. "Usipokula nitakupeleka kwa daktari akuchome sindano" ni tishio la dakika moja, lakini mtoto hulitunza. "Hutaumia" nalo halisaidii, maana humkumbusha maumivu ambayo hakuwa akiyawaza. Hata "pole" ina wakati wake: anayeambiwa "pole mwanangu, pole" kabla hajaguswa hujua kuna baya linakuja. Yatosha kumwambia, "Kesho daktari atayatazama meno yako na kuyahesabu." Asiahidiwe kwamba hakuna zaidi, kwani ahadi ikivunjika hataamini ya pili.

Kabla ya kufunga safari ya Hospitali ya Maweni, Kigoma mjini, ni vyema kuuliza kituo cha afya cha karibu kama kina tabibu wa meno. Asubuhi ndiyo wakati mzuri, mtoto akiwa amelala vya kutosha na amekula, na kadi yake ya kliniki ikiwa mkononi.

Mtoto mdogo hahitaji kile kiti kikubwa. Mama na daktari huketi wakitazamana, magoti yakigusana. Mtoto hupakatwa akimwelekea mama, kisha hulazwa chali taratibu, kichwa kikitua mapajani mwa daktari, mikono yake ikiwa ndani ya mikono ya mama, macho yakiuona uso anaoujua. Akilia, si aibu wala si kosa la malezi. Mdomo unaolia uko wazi, na daktari huona mpaka nyuma.

Hapo pia ndipo mahali pa kuulizia "meno ya plastiki". Sehemu nyingi za Tanzania, uvimbe mweupe kwenye ufizi wa mtoto mwenye homa au kuhara umedhaniwa ni ugonjwa, ukachimbuliwa kwa chombo kichafu. Uvimbe huo ni chonge linalojiandaa kuota. Kuuchimbua humtoa mtoto damu, humletea maambukizi, na huweza kuliharibu jino la ukubwani lililo chini yake. Homa na kuhara vina tiba yake zahanati.

Wakitoka, zawadi iwe ndizi mbivu badala ya pipi. Tarehe ya kurudi, mara nyingi baada ya miezi 6, iandikwe kwenye kadi kabla ya kuondoka.